"Nut" si karanga: ombi kwa wafasiri na wahariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie neno moja la Kiingereza lenye herufi tatu tu, "nut". Madukani huku Kusini mwa Tanzania hukutwa pakiti za biskuti na chokoleti kutoka nje, zimebandikwa karatasi ya Kiswahili juu ya maandishi ya asili. Palipoandikwa "may contain nuts", karatasi husema "huenda ina karanga". Hilo ni kosa, na ni la aina inayoweza kumlaza mtoto wodini.

Kwa sheria za Uingereza na za Umoja wa Ulaya, vyakula 14 vinavyosababisha aleji ni lazima vitajwe kwenye pakiti. Katika orodha hiyo "nuts" wana mstari wao na "peanuts" wana wao. Mstari wa "nuts" una lozi, korosho, pistachio, walnut, hazelnut, pecan, macadamia na Brazil nut. Karanga hazimo humo. Karanga ndizo "peanuts". Kwa hiyo anayefasiri "nuts" kuwa karanga anamtisha bure mtu ambaye mwili wake unazikataa karanga, na wakati huohuo anamruhusu yule anayedhurika na korosho ale bila wasiwasi. Korosho na pistachio, kwa taarifa ya wazazi, ni za ukoo mmoja na mwembe, na protini zao zinafanana sana. Aliyevimba midomo au kubanwa pumzi kwa korosho asijaribu pistachio mpaka daktari aseme.

Marekani wamekwenda mbali zaidi. Sheria yao ya mwaka 2004 inataka kila "nut" ya mtini (inayozaliwa juu ya mti, si ardhini kama karanga) itajwe kwa jina lake, yaani haitoshi kuandika "nuts" na kuishia hapo. Hata wao nazi iliwasumbua: kwa miaka mingi mamlaka yao ya chakula iliiweka kwenye kundi la "nuts" za mitini, na ikaja kuiondoa katika mwongozo wa Januari 2025. Ulaya hawakuwahi kuiweka. Ikiwa wenye lugha wenyewe wamelikuta neno lao halitoshi, mfasiri wa Dar es Salaam asidhani atapata neno moja la Kiswahili la kulibeba zima zima.

Kiswahili hakina neno hilo, na sioni kwamba ni upungufu. Tuna karanga, njugu mawe, korosho, lozi, kungu, nazi, na tuna kokwa kwa kile kigumu kilicho ndani ya embe au zambarau. Pwani hatukuvipanga vitu hivi kwa ugumu wa ganda, tulivipanga kwa mmea na kwa matumizi. Kila kimoja kina majina yake ya ndani pia. Mnazi unatoa kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, kisha mbata. Mwingereza vyote hivyo ni "coconut", na akitaka kutofautisha inambidi aongeze maneno mawili matatu mbele. Korosho changa ambayo ganda lake bado ni la kijani ni dunge. Tunda laini linaloishikilia ni bibo. Mti ni mkorosho, na kwa wengine mkanju au mbibo.

Nalo "kanju" lina historia ya kusisimua kwa anayepima maneno. Mti huu asili yake ni Brazil. Watu wa lugha ya Tupi waliuita "acaju", Wareno wakafupisha wakasema "caju", na katika karne ya 16 wakausambaza mpaka India na pwani ya Afrika Mashariki. Huku kwetu neno likawa kanju, Wahindi wanasema "kaju", na Mwingereza akalitamka "cashew". Kwa maana hiyo "cashew" na kanju ni ndugu wa tumbo moja. Wapo wanaosema vijiweni kwamba Kiingereza kiliita hivyo kwa sababu zao hili linaleta "cash". Hapana. "Cash" limetoka kwenye neno la Kilatini la sanduku, "capsa", lililopita Kiitaliano na Kifaransa likiwa na maana ya sanduku la fedha kabla ya kuwa fedha yenyewe. Neno hilohilo la sanduku Wareno walilitamka "caixa", na sisi tukapata kasha. Kwa hiyo keshi na kasha ndio jamaa, korosho haimo kwenye ukoo huo hata kidogo.

Turudi kwenye "nut". Katika Kiingereza cha kale kabisa liliandikwa "hnutu". Wajerumani wanasema "Nuss", Waholanzi "noot". Walatini walikuwa na "nux", na kijukuu chake ni "nucleus", yaani kokwa ndogo au kiini, ambako ndiko tulikopata nyuklia. Anayefundisha fizikia anaweza kuwaambia wanafunzi bila kudanganya kwamba bomu la nyuklia, kwa asili ya neno, ni bomu la kokwa.

Mwanzoni "nut" ilikuwa ile ya porini Ulaya, hasa hazelnut: tunda kavu lenye ganda gumu lisilopasuka lenyewe, na ndani mbegu moja. Mabaharia walipoanza kuleta vitu vigeni, kila chenye ganda gumu kikatiwa humohumo. Hata "walnut" maana yake ya asili ni kokwa ya wageni, kwa kuwa "wealh" lilikuwa neno la Waingereza wa zamani kwa mtu wa kabila jingine, na ndilo lililozaa jina la Wales. "Nutmeg" imetoka kwenye maneno yenye maana ya kokwa inukiayo miski. Sisi tunaiita kungumanga, kungu ya Manga, yaani ya Uarabuni, ingawa nyumbani kwake hasa ni visiwa vya Banda huko Indonesia. Wote wawili tumelibatiza tunda kwa kulifananisha na tulilolizoea. "Coconut" ilitokana na Wareno kuona matundu matatu ya kifuu kama uso wa zimwi la kutishia watoto, wakaiita "coco". Mwingereza akaongeza "nut" kwa mkia. Na "doughnut" ilikuwa kitonge kidogo cha unga kilichokaangwa kikawa na umbo la kokwa, kabla ya mtu kufikiria kukitoboa katikati. Yaani iliyokaribu nayo zaidi si donati ya dukani, ni kaimati.

Mtaalamu wa mimea naye ana "nut" yake, nyembamba kuliko ya mpishi. Kwake karanga ni jamii ya kunde: ua likishachavushwa, kikonyo chake hurefuka kikajichimbia ardhini, na ganda hukomaa humo, ndiyo sababu ya "groundnut". Njugu mawe ni hivyohivyo. Nazi na lozi kwake ni matunda yenye muundo kama wa embe, yenye nyama au nyuzi nje na kokwa ndani. Korosho nayo wengi huiweka huko. Ina ngozi ya nje, kisha tabaka lenye vijishimo vilivyojaa mafuta makali, kisha ganda gumu, halafu ngozi nyembamba nyekundu, ndipo unafika kwenye chakula. Bibo si tunda halisi bali kikonyo kilichonenepa. Mwanafunzi akiulizwa kwenye mtihani wa baiolojia kama "cashew nut" ni "nut", ajibu kwa kigezo cha mimea. Akiulizwa na mama mwenye duka, ajibu kwa kigezo cha duka. Majibu mawili tofauti na yote sahihi.

Mahali neno hili linapouma mfukoni ni kwenye biashara ya korosho yenyewe, na hapa ningependa wafasiri wa mikataba wasome polepole.

Katika soko la ghafi, "nut" ni korosho na ganda lake. "Raw cashew nuts", inayofupishwa RCN, ni korosho ghafi kama zinavyopokewa ghalani kwa stakabadhi, hazijabanguliwa, yaani hazijatolewa ganda. Kilichomo ndani ni "kernel", neno lililotokana na "corn" la zamani lenye maana ya punje, kwa hiyo "kernel" ni kipunje. Huku Kusini wafanyabiashara na maofisa huita korosho karanga. Sasa angalia mtego: "karanga" hapo maana yake ni iliyobanguliwa, haina uhusiano na karanga za kutwanga. Mtu asiyelijua soko akisoma "korosho karanga" kwenye hati anaweza kuandika kwa Kiingereza "cashews and peanuts". Kwa upande wa pili, katika duka la London pakiti ya "raw cashew nuts" ina kernel tupu, nyeupe, ambazo hazikukaangwa wala kutiwa chumvi. Wala si mbichi kwa maana halisi, kwa sababu korosho hupitishwa kwenye mvuke au joto kabla ya kubanguliwa, ili ganda lilegee na yale mafuta yasichafue punje. Mafuta hayo yakigusa ngozi huunguza, ndiyo maana wabanguaji hupaka majivu au mafuta mikononi. Maneno matatu yaleyale, "raw cashew nuts", bidhaa mbili tofauti.

Tofauti hiyo kwa uzito ni hivi. Tuseme mkataba umeandikwa tani 10 za "cashew nuts" bila neno jingine. Muuzaji anafikiria ghafi, mnunuzi anafikiria kernel. Kwa korosho nzuri zenye "outturn" ya 50 (kipimo cha punje nzuri, nitakieleza hapa chini), tani 10 za kernel zinahitaji zaidi ya tani 35 za ghafi, kabla hata ya kuhesabu zinazovunjika mashineni. Hakuna bei itakayowapatanisha hao. Mfasiri aandike kila mara "in shell" kwa ghafi na "kernels" kwa karanga, hata kama anaona anarudia.

"Outturn" nayo hutafsiriwa ovyo, wengine huandika "matokeo" na kuendelea. Ni kiasi cha kernel nzuri kinachopatikana kwenye gunia la kilo 80, kikihesabiwa kwa ratili. Kipimo huchukuliwa hivi: chukua korosho kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, changanya, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, rudia mpaka ibaki kilo moja. Hesabu korosho zote humo. Idadi hiyo ndiyo "nut count", na hapa tena "nut" ni yenye ganda. Zikate moja moja kwa urefu. Tenga nzima nzuri, tenga zenye madoa au zilizosinyaa kiasi, tupa zilizooza na zilizo tupu. Pima uzito wa punje nzuri, kisha uzito wa zenye kasoro na uuchukue nusu. Tuseme nzuri ni gramu 276 na zenye kasoro ni gramu 28. Nusu ya 28 ni 14, jumla 290. Zidisha kwa 80, gawanya kwa 453.6, unapata 51 na ushee. Hiyo ndiyo "outturn" ya ratili 51. Kosa la kawaida ni kuchota sampuli juu ya gunia tu, au kuhesabu zenye doa kwa uzito wote, na hapo namba inapanda ambayo kiwanda hakitaiona kamwe. Jingine ni kupima korosho zenye unyevu: punje inakuwa nzito leo, wiki tatu baadaye imepungua.

Nimeandika ratili kwa makusudi. Namba 453.6 ni gramu za ratili moja, na ratili ndilo neno tulilokuwa nalo kwa "pound" ya uzito, wakati pauni tukiiachia fedha. Anayeandika "pauni 51 kwa gunia" anamfanya msomaji adhani ni bei. Hali ni hiyohiyo kwenye masanduku ya korosho karanga: W320 haina maana ya gramu 320 wala daraja la 320. W ni nzima nyeupe, na 320 ni idadi ya juu ya punje zinazotimiza ratili moja. Kwa hiyo W180 ni kubwa kuliko W320, na namba ikipanda korosho zinakuwa ndogo. Nimeona hili likiandikwa kinyume hata na watu wenye heshima zao.

Kuhusu "groundnut", mikoa ya Kusini ina deni la kukumbushwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikilenga zaidi ya ekari milioni 3. Mwaka 1951 uliachwa, zikiwa zimepotea takriban pauni milioni 36 (hapo pauni ni fedha). Ardhi iligeuka mwamba kiangazi, mvua haikufuata makaratasi, na matrekta yaliharibika. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea ni mabaki ya mpango huo. Bandari ipo, reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichobaki katika Kiingereza ni usemi: Mwingereza wa makamo akiuita mpango wa serikali "a groundnut scheme", anasema ni ubadhirifu uliopangwa na watu wasioijua ardhi. Mfasiri akiandika "mpango wa karanga" amemnyima msomaji maana yote, na msomaji huyo huenda yuko Nachingwea.

Kwa mafundi nitapita haraka. Nati ni neno hilohilo. Kwenye mitambo lilitumika kwanza kwa vipande vidogo vya mviringo, kama kile kilichoshika uzi wa upinde, na katika karne ya 17 likashika kipande chenye nyuzi kinachofunga bolti. Kosa la watafsiri wa vitabu vya pikipiki ni kuandika ukubwa wa nati kwa namba ya spana. Nati ya bolti ya milimita 8 huchukua spana 13, na kwenye magari ya Kijapani mara nyingi 12. Ya milimita 10 huchukua 17, au 16 kwa kiwango kipya, au 14 kwa Mjapani. Andika ukubwa wa bolti na uandike spana yake, vyote viwili, la sivyo fundi ataweka 17 kwenye nati ya 16 na kuila kona.

Halafu kuna "nuts" ya mtaani. Tangu karne ya 19 "nut" ikawa kichwa, na aliyeharibikiwa kichwa akaitwa "nuts". Tarehe 22 Desemba 1944, Wajerumani walikizingira kikosi cha Marekani mjini Bastogne, Ubelgiji, wakataka kisalimu amri kwa maandishi. Jenerali Anthony McAuliffe alijibu kwa neno moja: "NUTS!" Wajumbe wa Kijerumani hawakuelewa, wakauliza kama jibu ni ndiyo au hapana, mpaka Kanali Joseph Harper akawafafanulia kwamba ni hapana, tena ya kuwafukuza. Kwa Kiswahili ningeandika "Potelea mbali!" Kuna gazeti lingeandika "Karanga!". Wahariri wafahamu pia kuwa "nuts" ina maana ya matusi inayohusu mwili wa mwanamume, wasije wakaiacha kwenye kichwa cha habari.

"In a nutshell" ni muhtasari tu, au kwa kifupi. Chanzo ni Kilatini: Pliny, mwandishi wa Roma ya kale, aliandika kwamba Cicero, msemaji maarufu wa huko, alitaja nakala ya utenzi wa Kigiriki wa mistari zaidi ya 15,000, imeandikwa kwa herufi ndogo hata ikaenea ndani ya ganda la kokwa. Tafsiri ya "katika ganda la karanga", ambayo hutokea kwenye runinga, haina mtu atakayeielewa.

Kwa wenye viwanda vya chakula na wachapishaji wa karatasi zile za pakiti, naomba maneno haya yatumike. "Contains peanuts": ina karanga. "May contain nuts": huenda ina korosho, lozi au kokwa nyingine za miti. Kama mtengenezaji ametaja aina, zitajwe zote kwa majina, na ambayo haina jina la Kiswahili iachwe kama ilivyo, mathalani pecan au macadamia, kwa sababu mgonjwa ameandikiwa jina hilohilo kwenye cheti chake. "Nut free" isiandikwe "haina karanga" kamwe, mpaka mtengenezaji athibitishe kwa maandishi kwamba "peanuts" nazo hazimo. Nazi itajwe peke yake kila inapokuwemo. Na karatasi ya Kiswahili isibandikwe juu ya orodha ya asili ikaifunika, ibandikwe pembeni.

Mfasiri na mpima ubora wa korosho,
Shangani, Mtwara